Usiyafungie maji ndani ya mashua

Msomaji wa Entebbe anauliza: "Fundi, shikamoo. Nimenunua mashua ya matanga ya faiba, futi 26, iliyokaa miaka mingi ikiwa imefungwa kwenye boya bila mtu kuigusa. Wiki iliyopita tuliivuta nchi kavu. Chini ya mstari wa maji imejaa malengelenge, na sitaha karibu na mlingoti inabonyea nikiikanyaga. Fundi mmoja hapa mwaloni amenishauri niikwangue, nitandaze mati mpya (yale matandiko ya nyuzi za faiba) mara mbili juu ya kila kitu, nipake rangi, nirudi majini. Mimi ni mwalimu, sina ufundi wowote, na nafasi yangu ni Jumamosi na Jumapili. Shauri lake ni sahihi? Na mtu kama mimi anaweza kazi hii?"

Marahaba, mwalimu. Kuweza, utaweza. Ila shauri hilo la kutandaza mati juu ya kila kitu liache kabisa, hata ukipewa kwa bei ya bure.

Huyo fundi simlaumu. Amelelewa kwenye mitumbwi ya mbao, na kwenye mbao kiraka ni dawa halali: ubao ukivuja unaukalafati, unaubandika, mwaka ujao unarudia. Mashua yako ugonjwa wake ni mwingine. Maji yamekwisha kuingia ndani ya ngozi yake na ndani ya sitaha yake. Ukitandaza mati juu, umeyafungia humo humo. Rangi itang'aa miezi michache, kisha mati mpya itaanza kubanduka kama ganda la muwa, na wakati huo utakuwa umetumia hela mara mbili.

Mimi kazi hii nimejifunzia pwani, Mombasa, kabla ya kuhamia huku ziwani. Nilipofika nilidhani maji matamu yana huruma kuliko ya chumvi. Kwa chuma, ni kweli. Kwa faiba ni kinyume, na ilinichukua muda kulikubali. Jelkoti, ile ngozi ya nje inayong'aa, inaonekana kama kioo, lakini maji huipenya polepole mno, mwaka baada ya mwaka. Yakiingia yanakuta mabaki ya kemikali ambayo hayakuungana vizuri siku rezini, ile gundi ya maji inayogandisha faiba, ilipomiminwa kiwandani. Yanayayeyusha, na sasa ndani kuna maji mazito na nje kuna maji mepesi. Maji mepesi siku zote huyafuata mazito, kama maharage makavu yanavyovimba ukiyaloweka usiku. Kadiri maji ya nje yanavyokuwa hayana chumvi, ndivyo mvuto unavyozidi. Ziwa Viktoria halina chumvi, na halipoi mwaka mzima, na joto huongeza kasi ya mambo hayo yote. Ndiyo maana mashua iliyolala kwenye boya hapa Entebbe hupata malengelenge mapema kuliko dada yake aliyelala Kilindini.

Basi kazi ya kwanza ni ya leo hii jioni. Chukua kalamu ya nta au chaki ya rangi, zunguka mashua yote, na kila lengelenge ulizungushie duara. Piga picha. Nasema leo kwa sababu mashua ikishatoka majini malengelenge huanza kunywea, na baada ya wiki chache mengine hutayaona kabisa. Mtu hufurahi akadhani yamepona, kumbe shimo liko pale pale chini ya jelkoti. Kisha toboa moja tu, lile kubwa, kwa ncha ya bisibisi. Vaa miwani ya kazi kwanza, maana yana mgandamizo na hurusha. Utaona kimiminika kinachonata kidogo vidoleni, na harufu yake ni kama ya siki. Hiyo harufu ndiyo hati ya ugonjwa. Ukikuta maji matupu yasiyo na harufu, huenda ni rangi ya zamani tu iliyoachia, na hapo mshukuru Mungu, kazi imepungua nusu.

Wala usikate tamaa kwa wingi wake. Mashua ya faiba haifi kwa malengelenge. Triton, mashua ya futi 28 iliyooneshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1959, ilitengenezwa mamia kwa mamia, na nyingi bado zinaelea hadi leo baada ya kupita mikono ya watu kama wewe, wenye kazi zao nyingine. Kama yako ni ya miaka ile ya 1960 au mwanzo wa 1970, mara nyingi kiwiliwili chake ni kinene, kwa kuwa wajenzi wa wakati ule walikuwa bado hawaiamini sana faiba, wakaweka tabaka juu ya tabaka.

Kabla hujagusa grainda, hakikisha imesimama salama. Uzito wote uukalie mkuku, ule uti wa chini kabisa wa mashua, juu ya magogo mazito. Miti ya pembeni kazi yake ni kuizuia isilale tu, haibebi. Kila mti wa kushoto ufungwe kwa mnyororo na mwenzake wa kulia kupitia chini ya mashua, ili isitanuke. Udongo wa murramu ukilowa huwa laini kama ugali, basi weka ubao mpana chini ya kila mti. Na turubai, mwalimu, usilifunge kamwe kwenye ile miti. Upepo wa mvua ukilipiga turubai hung'oa mti, na mashua hulala. Niliona hivyo mara moja kwenye uwanja wa matengenezo: mashua tani tatu, ubavu umepasuka, kwa ajili ya kamba moja ya turubai. Kamba zishikize kwenye jerikeni zilizojaa maji.

Kama una kiwanja nyumbani, ihamishie huko. Sheria ya mazingira ya Uganda inaulinda ukanda wa mita 200 kandokando ya ziwa hili, hivyo kibanda cha kudumu ukingoni kitakuletea maneno. Tena ziwa lenyewe hupanda: mwaka 2020 lilizifuata nyumba za watu hadi milangoni. Mashua ya futi 26 kwa kawaida haizidi mita tatu kwa upana. Lori huibeba.

Sasa kukausha, na hapa ndipo wengi huharibu. Fungua malengelenge yote uliyoyazungushia. Kila moja lichimbe kwa diski ya msasa mpaka liwe kama kisahani kifupi, kingo zimelala, hadi ufikie faiba ngumu yenye rangi moja. Kama yamesambaa kila mahali bila nafasi, itakubidi uitoe jelkoti yote chini ya mstari wa maji. Ni kazi ya vumbi na ya machozi, lakini ni ya mara moja. Baada ya hapo, osha. Watu hushangaa: unataka ikauke, halafu unaimwagia maji? Ndiyo. Zile kemikali zilizobaki mashimoni hushika maji kama chumvi inavyolowa ndani ya kibakuli msimu wa mvua. Usipozitoa, hata jua la mwaka mzima halitaikausha. Osha kwa maji safi ya moto na brashi, acha siku chache, osha tena. Fanya hivyo mara nyingi, kwa wiki kadhaa, hadi mashimo yaache kunata. Ndipo uiache chini ya paa, hewa ikipita pande zote.

Kukauka ni kwa miezi. Panga uoshaji uangukie msimu wa mvua wa Machi hadi Mei, ukaushaji uangukie Juni na Julai, au subiri kiangazi cha Desemba hadi Februari. Kujua kama imekauka, kata kipande cha nailoni inayoonyesha upande wa pili, upana wa sahani, kibandike kwa utepe kingo zote nne juu ya faiba tupu, penye jua. Kiangalie baada ya siku moja. Umande kwa ndani maana yake bado. Rudia sehemu tano au sita, usiamini moja.

Wakati ngozi ya chini inakauka, panda sitahani. Geuza bisibisi, gonga kwa mpini wake, hatua kwa hatua, kama unavyogonga nazi au fenesi. Palipo pazima panaitika ko, ko, ko. Palipooza panasema pu. Chora mpaka kwa chaki. Sitaha ya mashua hizi ni kama mkate uliokatwa: faiba juu, faiba chini, na katikati mti mwepesi wa balsa au plaiwudi. Maji huingia kupitia matundu ya skrubu na bolti za vifaa vya sitahani, hukaa kati ya hizo ngozi mbili, na ule mti huoza gizani. Ukitaka uhakika, toboa kwa drili kutokea chini, ngozi ya ndani tu, na utazame unga unaotoka. Unga mweupe mkavu ni afya. Ukitoka wa kahawia, umelowa, una harufu ya matope ya kinamasi, hapo pote pafunguliwe.

Kufungua hakuogopeshi. Weka diski nyembamba ya kukatia kwenye grainda, kata ngozi ya juu peke yake, unene wake mara nyingi ni milimita tatu au nne. Iinue kwa patasi pana, iweke pembeni usiitupe, maana itarudi. Kwangua mti uliooza wote mpaka uione ngozi ya chini, nenda hadi ukutane na mti mkavu mzima pande zote, na uongeze kiganja kimoja zaidi. Acha pakauke. Balsa mpya hapa ni ya kuagiza, kwa hiyo wengi tunatumia plaiwudi. Ndeeba, kwenye maduka ya mbao ya Kampala, utauziwa ya kila aina, na kila muuzaji atakuapia kwamba yake ni ya majini. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, nenda nacho nyumbani, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikaushe, kichemshe tena. Kikiachana tabaka, ni cha kabati. Kisipoachana, rudi ununue kutoka kwenye rundo lile lile siku ile ile.

Paka plaiwudi epoksi, aina ya rezini inayoshika sana, pande zote na kingo zote, iache ianze kushika, kisha ilaze juu ya epoksi nzito, yaani iliyokolezwa kwa unga wake maalumu, iliyotandazwa kama siagi, na uikandamize. Kwa uzani hakuna kitu bora kuliko jerikeni la lita 20: ni kilo ishirini zinazokaa vizuri, na kila nyumba ya Uganda inayo. Ngozi ya juu uliyoihifadhi inarudi vivyo hivyo. Kwenye mshono, saga pande zote mbili zilale taratibu: kwa kila milimita moja ya unene, mlalo wa milimita kumi na mbili. Ngozi ya milimita tatu itataka mlalo wa milimita thelathini na sita kila upande. Utaona ni mwingi, na utashawishika kupunguza. Nguvu yote ya kiraka iko hapo.

Chini ya mlingoti usiweke plaiwudi. Kama mlingoti wako unasimama juu ya sitaha, waya zinausukuma chini kwa uzito mkubwa kuliko wake mara nyingi, na ndiyo sababu pamebonyea. Mahali hapo jaza faiba tupu, tabaka juu ya tabaka, hadi pawe jiwe. Na uangalie nguzo iliyo chini yake ndani ya chumba, kitako chake kimeoza mara nyingi bila mtu kujua.

Kisha matundu. Kila bolti itakayorudi sitahani, toboa tundu kubwa kuliko bolti yenyewe, lijaze epoksi nzito, likishakauka toboa tena kwa kipimo cha bolti. Sasa bolti inapita ndani ya mfereji wa epoksi na haigusani na mti. Hata siku muhuri wake utakapochoka, maji yatadondokea kitandani kwako, utayaona, wala hayataingia kwenye sitaha kimyakimya. Mwenye mashua asipofanya jambo jingine lolote nililolisema, alifanye hili.

Utaniuliza kuhusu rezini, maana madukani Kampala utaoneshwa poliesta, ni rahisi na iko tele. Poliesta ni nzuri kwa kumimina kitu kipya kwenye umbo. Kwa kushikamana na faiba ya zamani iliyokwisha kukauka, haishiki kama epoksi, na hunywea ikikauka. Mimi mwenyewe nilitengeneza sitaha nzima kwa poliesta miaka ya mwanzo, kwa kubana matumizi ya mteja. Baada ya misimu miwili kiraka kilinyanyuka kizima kizima, safi, kama kifuniko. Nilikirudia kwa gharama yangu. Tumia epoksi popote unapoungana na cha zamani, na usibadilishe nia katikati, kwa kuwa poliesta juu ya epoksi haishiki vizuri. Hata kitambaa kinabadilika: mati ya nyuzi zilizokatwa, ile inayouzwa kila mahali, gundi yake huyeyushwa na poliesta. Kwenye epoksi hubaki kavu kavu na hailainiki. Nunua kitambaa kilichofumwa au kilichoshonwa. Kitambaa cha gramu 600 kwa mita ya mraba kinakunywa karibu gramu 600 za epoksi ukipaka kwa mkono.

Epoksi na hadna yake, ile dawa ya kuigandisha, pima kwa mizani ya jikoni, kwa uwiano wa uzito ulioandikwa kwenye kopo, bila kukisia. Waliozoea poliesta huongeza hadna ili ikauke upesi. Epoksi ukiizidishia haikauki upesi, haikauki kabisa: inabaki mpira. Changanya kidogo kidogo na umimine mara moja kwenye trei pana, sababu ikibaki nyingi kwenye kikopo hujipasha yenyewe hadi itoe moshi. Kila nyuzi kumi za joto hupunguza muda wako kwa karibu nusu, basi omba hadna ya polepole, ya nchi za joto. Ikishakauka huacha utelezi kama nta juu yake, zaidi hewa ikiwa na unyevu kama yetu. Uoshe kwa maji na sifongo gumu kabla ya msasa, ukiusaga unausukuma ndani. Sehemu yenye mti mtupu ipake alasiri, joto likishuka. Asubuhi joto linapopanda, hewa iliyo ndani ya mti hutanuka na kukujazia viputo.

Chini ya maji, malengelenge yakishajazwa na kulainishwa, paka epoksi tupu kwa rola, mikono mitano au sita, hadi unene wa robo milimita hivi. Hiyo ndiyo ngozi mpya ya kuzuia maji.

Nakuomba sana juu ya afya yako. Vumbi la faiba huumiza mapafu. Barakoa ya kitambaa si kitu, tafuta ile ya mpira yenye vichujio, vya vumbi unaposaga, na vya mvuke unapopaka. Fundi akija na poliesta, ile hadna yake ya maji maji ikiingia jichoni inaweza kupofusha: miwani, na ndoo ya maji safi karibu. Kuna na kemikali nyingine ya zambarau, ya kobalti, ambayo huharakisha rezini. Hizo mbili zikikutana zenyewe bila rezini hulipuka. Ukiuziwa hadna iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, irudishe dukani, isivuke mlango wa nyumba yenye watoto.

Mkuku uuangalie pale unapoungana na kiwiliwili. Mstari wa kutu unaodondoka au ufa unaopitisha wembe unakudai ufungue bolti moja, uitazame. Stenlesi iliyofungiwa mahali penye maji bila hewa huliwa shingoni, juu inang'aa na chini imebaki kama kijiti. Usukani, ule ubao wa nyuma unaokaa majini, nao toboa tundu dogo chini kabisa. Ukichuruzika maji siku nzima, umepata jibu.

Waya zote zinazoshika mlingoti badilisha, usizihurumie, pamoja na kukagua kwa lenzi vyuma vinavyozifunga kwenye kiwiliwili. Ziwa letu si bwawa. Mchana upepo hutoka majini kwenda nchi kavu, usiku hugeuka, na pepo za kando zote zikikutana katikati hunyanyua mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba kali nyingi hukukuta usiku au alfajiri, uko njiani kwenda visiwa vya Ssese, mbali na mtu yeyote. Novemba 2018, karibu na Mutima kule Mukono, zaidi ya watu 30 walikufa maji katika safari ya starehe, nchi kavu ikionekana. Kwa hiyo hela yako iende kwanza kwenye kiwiliwili, mkuku, usukani, waya na makoti ya kuokolea. Magodoro na mapazia yatangoja. Matanga pia yakague: jua la ikweta huua uzi kabla ya kitambaa, basi kwangua mshono kwa ukucha, na uzi ukikatika, yapelekwe yote kwa fundi cherehani.

Injini ya zamani iliyokufa iuze chuma chakavu, uning'inize ya nje nyuma. Kumbuka tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Na usajili usiusahau, sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021 inautaka. Nenda pia Kaazi, kwenye klabu ya matanga ya Victoria Nyanza, ukae na watu wanaojua mashua hizi. Utajifunza kwa alasiri moja mambo ambayo mimi siwezi kuyaandika.

Kwa Jumamosi na Jumapili, mimi ningehesabu miaka miwili.

Siku ya kuishusha, chagua asubuhi tulivu, na usiiachie mara moja. Kausha ngama, pale chini kabisa ndani ya mashua, kwa kitambaa, kisha nyunyiza unga wa ngano mwembamba kote, chini ya kila bolti ya mkuku na kila bomba. Ikishaelea, keti humo ndani na tochi kwa saa nzima, lori likiwa bado linasubiri. Popote unga utakapogeuka uji, tia alama ya chaki, na uivute tena nje kabla lori halijaondoka.